Neno Muhimu na Umbo la Neno la Kiswahili katika Kurasa za Tovuti: Mfano wa Kivuko na Daraja la Kigongo–Busisi

1.0 Utangulizi

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua rasmi daraja linalovuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Daraja hilo, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilianza kujengwa mwaka 2020, baada ya Rais John Pombe Magufuli kuweka jiwe la msingi tarehe 7 Desemba 2019. Wakati wa ujenzi lilijulikana zaidi kwa jina la Daraja la Kigongo–Busisi. Jina lake rasmi sasa ni Daraja la J.P. Magufuli. Kabla yake barabara ya kutoka Usagara kwenda Sengerema na Geita ilikatizwa na maji ya ziwa, na watu pamoja na magari walivushwa kwa vivuko vya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA).

Tukio hilo ni la uhandisi na uchukuzi, lakini limezua pia suala la lugha. Mahali pale pale pamekuwa na majina kadhaa: Kigongo, Busisi, Kigongo–Busisi, Daraja la Magufuli, Daraja la JPM, na chombo kilichovusha watu huitwa kivuko na wengine, feri na wengine, pantoni na wengine zaidi. Mtu anayetaka habari za njia hiyo leo huandika maneno mawili au matatu katika mtambo wa kutafutia, kama vile Google, kisha hungoja apewe orodha ya kurasa. Maneno hayo machache ndiyo yanayoitwa hapa maneno muhimu. Yakilingana na maneno ya mwandishi, mtafutaji hupata jibu. Yasipolingana, hupewa ukurasa wa Kiingereza, au ukurasa wa jambo jingine kabisa, au hapewi kitu, hata kama jibu lilikwisha andikwa kwa Kiswahili fasaha.

Miongozo mingi kuhusu matumizi ya maneno muhimu imetungwa kwa kuzingatia Kiingereza, lugha ambayo neno lake hubadilika kidogo tu linapoingia katika sentensi. Makala hii inadai kwamba miongozo hiyo haitoshelezi mahitaji ya Kiswahili. Katika Kiswahili neno linalotafutwa hujificha ndani ya sarufi: katika viambishi awali, katika unyambulishaji wa vitenzi, na zaidi ya yote katika upatanisho wa kisarufi. Kazi ya mwandishi, basi, ni kulitoa neno hilo mafichoni mahali panapostahili, wala si kulirudia ovyo.

2.0 Jinsi Mtambo Unavyosoma

Mtambo wa kutafutia hausomi kurasa zote za dunia kila mara mtu anapouliza swali. Huzikusanya mapema, huzichambua, na kutengeneza faharasa kubwa inayoonyesha kila neno linapatikana katika kurasa zipi. Faharasa hii ni sawa na ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha kitaaluma, tofauti ikiwa ukubwa tu. Swali linapoulizwa, mtambo hutazama faharasa, huchagua kurasa zenye maneno yanayohusika, kisha huzipanga kwa kutumia vigezo vingi, kama vile mahali neno lilipo, viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa huo, na lugha ya mwulizaji.

Wazo la kuupima umuhimu wa neno ni la kale kuliko intaneti. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba idadi ya mara neno linapotokea katika matini inaweza kuonyesha matini hiyo inazungumzia nini. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge aliongeza jambo ambalo ni muhimu zaidi kwa makala hii: neno linalopatikana katika hati nyingi halisaidii sana kuzitofautisha, ilhali neno lipatikanalo katika hati chache lina uzito mkubwa. Kwa kipimo hicho neno "Mwanza" lina uzito mdogo, kwa sababu kurasa zinazoutaja mji na mkoa huo hazihesabiki. Neno "Busisi" lina uzito mkubwa. Mwandishi anayeeleza njia ya kwenda Sengerema na asiitaje Busisi, kwa kudhani kwamba kuutaja mkoa kunatosha, ameacha neno lenye nguvu na kushika neno dhaifu.

Ni kweli kwamba mitambo ya leo haitegemei tena ulinganishaji wa herufi peke yake. Hutumia mifumo iliyofunzwa kwa matini nyingi ili kukisia maneno yenye maana zinazokaribiana. Lakini mifumo hiyo hujifunza kutokana na yale yaliyokwisha andikwa, na matini za Kiswahili mtandaoni ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza. Kwa hiyo haifai mwandishi wa Kiswahili autwike mtambo kazi ya kukisia ikiwa yeye mwenyewe anaweza kuliandika neno waziwazi.

3.0 Umbo la Neno

Ili kuona ukubwa wa tatizo, inafaa kutazama maneno yanayotokana na mzizi mmoja tu, ule wa kitenzi "vuka":

(1) a. vuka, kuvuka, tulivuka, watakaovuka
b. vusha, kuvushwa, mvushaji
c. kivuko, vivuko
d. kivukoni

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili ukoo wa maneno haya uko wazi. Kwa mtambo unaolinganisha herufi, maneno haya ni mbali na mbali. "Kivuko" na "vivuko" hutofautiana katika herufi ya kwanza. "Watakaovuka" huanza kwa silabi nne ambazo hazimo katika "vuka". Na katika "vusha" hata konsonanti ya mwisho ya mzizi imegeuka, kwa kuwa /k/ imekuwa /sh/ kutokana na kauli ya kutendesha. Hivyo hata mtambo wenye uwezo wa kuondoa viambishi vyote hautaikutanisha (1a) na (1b) mpaka ufundishwe fonolojia kidogo.

Katika Kiingereza kazi hii ni nyepesi. Kanuni alizochapisha Martin Porter mwaka 1980 hukata miisho ya maneno na kuacha shina, na kwa lugha hiyo zinafaa vya kutosha. Kiswahili hubeba mzigo wake mwingi mbele ya mzizi. Anayeamua kukata mbele bila uchambuzi hufika pabaya haraka: akiondoa "ki-" katika jina Kigongo, akidhani ni kiambishi cha ngeli kama kile cha "kivuko", atabakiwa na "gongo", na msafiri aliyeuliza njia ya kwenda Geita atajikuta anasoma habari za polisi kuhusu pombe haramu. Uchambuzi wa kweli unawezekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameufanyia kazi tangu miaka ya 1980, na mfumo wake uitwao SALAMA umeonyesha kwamba mofolojia ya Kiswahili inaweza kuelezwa kwa kompyuta kwa usahihi mkubwa. Ila mwandishi wa ukurasa hana uwezo wa kuuamuru mtambo utumie uchambuzi gani. Kilicho chini ya mamlaka yake ni matini yake.

Tatizo hili si geni kwa wanaleksikografia. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 nomino nyingi zilizonyambuliwa zimeelezwa chini ya vitenzi vyake, na mtumiaji alipaswa kuujua mzizi kabla ya kufungua ukurasa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimrahisishia kazi kwa kuzipa nomino hizo nafasi zao kama vidahizo. Mtafutaji wa mtandaoni anafanana na mtumiaji wa kamusi: haandiki "vilivyotuvusha", huandika kidahizo. Huandika "kivuko Kigongo", "feri Sengerema", "nauli ya kivuko". Kutokana na hilo, umbo la kidahizo, yaani nomino katika umoja na kitenzi katika umbo lake sahili, linapaswa kuonekana angalau mara moja mahali penye uzito: katika kichwa cha ukurasa, katika sentensi ya kwanza, na katika kichwa kidogo cha sehemu inayohusika. Umbo la wingi litajitokeza lenyewe matini ikiendelea.

4.0 Upatanisho Unavyolificha Neno

Jambo ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kulitaja, kwa kuwa lugha yake haina, ni upatanisho wa kisarufi. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu:

(2) Kivuko kiliondoka Kigongo asubuhi. Kilibeba mabasi na malori. Kilipofika ng'ambo kiliteremsha abiria, kikapakia wengine, kikarudi.

Kivuko kinazungumziwa katika kila kishazi, lakini nomino yenyewe imetajwa mara moja tu. Baada ya hapo kazi yote imefanywa na "ki-". Msomaji hapotei, maana ngeli inamwongoza. Kwa hakika angechukizwa kama nomino ingerudiwa. Huo ndio ufasaha wa Kiswahili. Lakini mashine inayohesabu maneno inaona neno "kivuko" mara moja katika vitenzi sita, na kama ukurasa ni mrefu inaweza kuamua kwamba kivuko si mada yake. Mfano huu unaonyesha kwamba kadiri mwandishi wa Kiswahili anavyoandika vizuri, ndivyo anavyoelekea kulificha neno lake muhimu.

Dawa ya hali hiyo si kuacha upatanisho. Aya ni kipimo kizuri zaidi. Ndani ya aya, viambishi vya ngeli viachwe vifanye kazi yao. Aya mpya inapoanza, nomino irudishwe katika ukamilifu wake, tena pamoja na jina la mahali: "Kivuko cha Kigongo", si "Kivuko hicho", "Daraja la Magufuli", si "Hili". Mazoea hayo hayapingani na mtindo mzuri. Msomaji wa mtandaoni mara nyingi huanzia katikati ya ukurasa, naye pia anahitaji kuambiwa ni kivuko gani kinachozungumziwa.

Kiambishi "-ni" cha mahali kinahitaji tahadhari ya pekee. Mwandishi akiandika tu kwamba abiria walikusanyika "kivukoni", msomaji wa Misungwi ataelewa. Mtambo huenda ukampeleka Dar es Salaam, ambako Kivukoni ni jina la eneo, na ambako Chuo cha Kivukoni kilianzishwa mwaka 1961 kabla ya kugeuzwa kuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kuandika "katika kivuko cha Kigongo" ni kurefusha kidogo, lakini kunaondoa utata.

5.0 Neno Moja, Mambo Mengi

Hata umbo likiwa sahihi, maana inaweza kuwa nyingi. "Daraja" ni kiunzi cha kuvukia, na pia ni cheo au kiwango: matokeo ya mitihani hupangwa kwa madaraja, na leseni za udereva zina madaraja yake. Anayeandika "daraja Mwanza" anaweza kupewa matokeo ya shule. "Kivuko" ni chombo cha majini, ni mahali pa kuvukia, na ni ile mistari myeupe ya waenda kwa miguu barabarani. Neno "ziwa" halina taabu mpaka liingie katika wingi. "Maziwa" humleta ng'ombe kabla ya Nyanza.

Majina ya mahali nayo hayako salama. Usagara, ambako barabara ya Sengerema inaanzia, ni jina pia la nchi ya mashariki mwa Tanzania ambako Carl Peters alifanya mikataba yake mwaka 1884. Kigongo ni jina la ukoo nchini Uganda. Anayeliandika peke yake ana uwezekano mkubwa wa kukutana na Alhaji Moses Kigongo, kiongozi wa siku nyingi wa chama cha NRM. Misungwi huandikwa pia Missungwi, tena na ofisi za umma. Ziwa lenyewe huandikwa Victoria na Viktoria.

Kwa hiyo neno muhimu la kufaa huwa ni jozi ya maneno, aghalabu nomino ya kawaida pamoja na jina la mahali, na si neno moja. "Kigongo" peke yake halitoshi, "kivuko" peke yake halitoshi. "Kivuko cha Kigongo–Busisi" humtenga msafiri huyu na wengine wote, wakiwemo wale wa feri ya Kamanga, ambayo nayo huvuka kutoka jijini Mwanza kwenda wilaya ile ile ya Sengerema. Mwandishi anayeandika "feri ya Mwanza–Sengerema" bila kutaja kituo amewachanganya abiria wa njia mbili tofauti.

Kuhusu visawe, uamuzi ni mgumu zaidi. Kivuko ndilo neno la serikali. Feri ndilo litamkwalo na wengi. Pantoni linasikika zaidi pwani. Walimu wa lugha huenda wakapenda neno moja lishikiliwe mwanzo hadi mwisho. Katika kamusi ya istilahi hilo ni sawa. Katika ukurasa unaokusudiwa kumsaidia msafiri, ni afadhali neno rasmi litumike kama msingi na lile la watu litajwe wazi mara moja au mbili: "kivuko, ambacho wengi hukiita feri". Hali ni hiyo hiyo katika samaki wa ziwa hili. Samaki aitwaye sangara upande wa Tanzania huitwa mbuta upande wa Kenya na mputa Uganda. Dagaa wa Mwanza ni omena Kisumu na mukene Uganda, na tena si spishi moja na dagaa wa Kigoma. Mfanyabiashara wa Mwanza anayeandika "dagaa" tu hawezi kuonekana na mnunuzi wa Kisumu anayetafuta "omena".

6.0 Madhara ya Kurudiarudia

Wako wanaoamini kwamba neno likirudiwa mara nyingi ukurasa hupanda juu. Imani hiyo ilikuwa na msingi katika miaka ya 1990, mitambo ilipokuwa ikihesabu tu, na ndipo ilipozuka desturi ya kuficha orodha ndefu za maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali asipoona msomaji. Mwezi Septemba 2009 Google ilitangaza hadharani kwamba haitumii orodha hizo katika kupanga matokeo. Kurudiarudia neno katika matini yenyewe kumehesabiwa kuwa hila, na ukurasa wenye hila hushushwa. Mfano huu umetungwa:

(3) Kivuko Kigongo ni kivuko bora Kigongo. Ukitaka kivuko Kigongo Busisi, kivuko Kigongo Busisi Mwanza ndicho kivuko cha kuvuka kivuko Kigongo.

Mtambo hauvutiwi nayo tena, na msomaji ameudhika. Lakini lipo dhara la tatu ambalo halitajwi. Katika (3) kihusishi "cha" kimetupwa ili neno la mwandishi lifanane na mkato wa mtafutaji. Mtafutaji ana haki ya kukata, kwa kuwa anaandika kwa haraka kwenye simu; mwandishi hana sababu. Mitambo hulisoma "kivuko cha Kigongo" kama jibu la "kivuko Kigongo" bila shida yoyote, maana maneno yote mawili yamo. Kutupa "cha" hakuna faida hata moja, na matini za namna hiyo zikizidi ndizo mashine zitakazojifunzia Kiswahili.

Ukurasa uleule ungeweza kuanza hivi:

(4) Daraja la J.P. Magufuli, ambalo wakati wa ujenzi lilijulikana kama Daraja la Kigongo–Busisi, linaziunganisha wilaya za Misungwi na Sengerema mkoani Mwanza. Kabla halijafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, wasafiri wa Sengerema na Geita walivuka ghuba kwa kivuko, au feri, kutoka Kigongo hadi Busisi.

Katika sentensi mbili yamo majina yote mawili ya daraja, wilaya zote mbili, mkoa, vituo vyote viwili, kitenzi "vuka", na visawe viwili vya chombo. "Kigongo" na "Busisi" yametokea mara mbili kila moja, na hakuna msomaji atakayeona kwamba yamerudiwa. Upatanisho wa "li-" umebaki mahali pake.

7.0 Kurasa za Kivuko Baada ya Daraja

Limebaki suala la kurasa zilizoandikwa kabla ya Juni 2025. Mwelekeo wa wengi ni kuzifuta, au kubadilisha kila "kivuko" kuwa "daraja" kwa amri moja ya kompyuta. Amri hiyo, mbali na kuharibu upatanisho wote ("daraja kiliondoka asubuhi"), inaondoa ushahidi. Vivuko vya MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema vilikuwa sehemu ya maisha ya njia hiyo, na mwanafunzi atakayetaka kujua watu walivukaje hapo kabla ya daraja atatafuta kwa jina la kivuko, si kwa jina la daraja ambalo halikuwapo. Halikadhalika msafiri aliyekuwa mbali kwa miaka mingi bado ataandika "ratiba ya kivuko Kigongo". Anastahili kupata ukurasa wa zamani, ukiwa umeongezewa juu yake sentensi moja yenye tarehe: kwamba ratiba iliyo hapa ilikuwa ya kabla ya tarehe 19 Juni 2025, na kwamba sasa Ghuba ya Mwanza huvukwa kwa Daraja la J.P. Magufuli. Sentensi hiyo iandikwe kwa maneno yale yale anayotafutia, kivuko, feri, ratiba, Kigongo, Busisi, na ratiba yenyewe iachwe chini yake kama ilivyokuwa.